"LENGA!" SI DAWA

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli tupu, lakini kuna jambo moja hawakutueleza: ufa wenyewe uko wapi? Mtu anaweza kuwa na udongo, maji na mwiko mkononi, akaizunguka nyumba mchana kutwa, na bado asiuone mahali maji yanapoingilia. Ndivyo ilivyo katika michezo, na nadhani ndivyo ilivyo katika mambo mengi hapa shuleni. Makala haya yanahusu ufa mmoja tuliouona uwanjani kwetu na jinsi tulivyouziba.

Mpenzi msomaji, huenda wewe ni shabiki wa kandanda au voliboli, na softiboli huijui ila kwa kuwaona wasichana fulani wakikimbia huku na huko na glavu kubwa mkononi. Basi kaa kitako nikupashe kidogo. Softiboli ni ndugu yake besiboli. Ilizaliwa katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka wa 1887, tena ndani ya jumba kwa sababu ya baridi. Mpira wa kwanza, kwa mujibu wa historia ya mchezo huu, ulikuwa glavu ya ndondi iliyofungwafungwa. Huo labda ulikuwa mwororo kama jina lake. Huu wetu wa leo una mzingo wa inchi 12, yaani sentimita 30 na ushei, na uzito wake hukaribia gramu 190. Ukikupata mbavuni hutauliza tena maana ya jina.

Mtu mkubwa katika mchezo huu ni mrushaji. Yeye harushi kwa kupitisha mkono juu ya bega kama tunavyorusha katika mchezo wa kati. Huuzungusha mkono duara kamili kama gurudumu la baiskeli, kisha mpira huachiliwa chini, karibu na nyonga. Kwa wasichana wa umri wetu, kutoka kwa mrushaji hadi kwenye kibao cha mpigaji ni futi 43, yaani mita 13 na kidogo. Sisi hufanyia mazoezi kwenye uwanja wa netiboli, kwa upande wa upana, ambao ni mita 15 na robo. Mrushaji anasimama kwenye mstari wa upande mmoja, kibao tunakiweka mita mbili kabla ya mstari wa pili, nami nachutama nyuma ya kibao kwa sababu mimi ndiye mdakaji.

Kibao hicho kina upana wa sentimita 43 tu. Mpira hauna budi kupita juu yake, usipande kuliko kwapa la mpigaji wala usishuke chini ya magoti yake. Mipira minne ikienda kombo, mpigaji hupewa besi ya kwanza bure. Mpira ukimgonga mwilini, hupewa vilevile. Basi unaona, mrushaji asiyefika kwenye kibao anaweza kushindwa mchezo mzima bila wapinzani kuugusa mpira hata mara moja.

Hayo ndiyo yaliyotukuta katika muhula wa kwanza tulipocheza na shule moja jirani. Mrushaji wetu, ambaye nitamwita hivyo tu kwa kuwa hapendi jina lake litiwe gazetini, ana mkono wa kasi kuliko sisi sote. Akiurusha mpira vizuri, glavu yangu hulia "pa!" na kiganja kikawaka moto. Lakini siku hiyo mipira ilikataa kata kata. Mmoja juu ya kichwa changu, wa pili juu, wa tatu mgongoni mwa mpigaji aliyeruka kando. Besi zikajaa wapinzani waliokwenda kwa miguu kama watu waendao sokoni.

Wenzetu waliokuwa wamepanga mstari kando ya uwanja hawakunyamaza. "Lenga!" "Lenga bana!" "Kwani huoni kibao?" Mwingine akapaza sauti, "Punguza mwendo, urushe polepole!" Naye mrushaji wetu, maskini, akawatii. Akapunguza. Mpira ukawa unaelea kama puto la mtoto, na wapinzani wakaupiga watakavyo. Alipoongeza mwendo tena, mpira ulimpata msichana mmoja wa upande wa pili mbavuni, akaketi chini akilia. Nilipogeuka kumtazama mrushaji wetu, naye alikuwa analia. Tulishindwa 14 kwa 3.

Jioni tukiwa njiani kwenda nyumbani aliniambia, "Mimi basi. Hiyo jezi mpelekee mwalimu kesho."

"Kwa nini lakini?"

"Si umeona nimeumiza mtoto wa watu? Na nalenga, aki nalenga! Macho yangu yako kwa glavu yako tu. Mpira unajiendea."

Sikuwa na jibu. Lakini maneno hayo, "mpira unajiendea," yalinifuata hadi kitandani. Mpira hauna miguu, unajiendeaje?

Kesho yake mwalimu wetu wa michezo aliniita chini ya mti ulio kando ya uwanja. Akasema, "Wewe mkono wako umenyooka, na huna papara. Nataka urushe wewe." Wenzangu waliposikia walipiga makofi. Sitakuficha, msomaji, nilifurahi. Nani asiyetaka kusimama katikati ya uwanja watu wote wakimtazama? Lakini niliijua hesabu yake. Mkono wangu umenyooka, ndiyo, ila hauna kasi. Halafu nikirusha mimi, nani atachutama nyuma ya kibao? Zaidi ya hayo, nilimjua rafiki yangu. Akivuliwa jezi siku ile, hangeushika mpira tena maishani, na angeamini hadi uzeeni kwamba yeye ni mtu asiyeweza kulenga.

Nikasema, "Mwalimu, nakuomba wiki tatu."

Akanitazama kwa muda. "Wiki tatu, msichana wangu. Zikiisha bila mabadiliko, mrushaji ni wewe, na hatutajadiliana tena."

Basi kazi ikaanza. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Masomo yakiisha tunapata kama dakika 40 za kucheza, kisha kila mtu ashike njia, maana giza halimngoji mtu na nyumbani kuna maji ya kuteka. Hatukuwa na muda wa kubahatisha. Nikachukua karatasi ya grafu, nikachora kibao na lile eneo la kutoka magotini hadi kwapani. Msichana mmoja alisimama nyuma yangu na penseli, na kila mpira ulipopita nilimwambia umepita wapi, naye akatia kitone. Mipira 50 siku ya kwanza, 50 ya pili, 50 ya tatu.

Tulipoitandaza karatasi ile sakafuni darasani, nilishangaa. Nilitarajia kuona vitone vilivyotapakaa kila mahali kama mtama aliomwagiwa kuku. Kumbe vilikuwa vimelundikana! Vilivyopotea, karibu vyote, vilikuwa juu na upande wangu wa kushoto, yaani upande anaosimama mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Chini hakukuwa na kitu. Kulia vichache mno.

Hapo ndipo nilipouona ufa. Mtu asiyejua kulenga hukosa kila upande. Huyu alikuwa anakosa mahali pamoja, siku baada ya siku. Maana yake mkono wake ulikuwa mtiifu kabisa, ila amri uliyopewa na mwili ndiyo iliyokuwa kombo. Macho hayakuwa na hatia. Tena kombo yenyewe ilikuwa ndogo sana. Nilitoa majedwali ya hisabati, nikatafuta tanjenti ya digrii moja, nikazidisha kwa mita 13.1. Nikapata karibu sentimita 23. Digrii moja tu! Na nusu ya upana wa kibao haifiki sentimita 22. Digrii mbili, na mpira unakwenda sentimita 46 kutoka katikati. Sasa mtu aliye mstarini akipiga kelele "Lenga!" anamtaka mwenzake arekebishe digrii mbili kwa kukodoa macho. Itawezekanaje?

Nilimpelekea mwalimu karatasi. Yeye aliucheza mchezo huu alipokuwa chuoni, na alipoiona hakusema mengi. Alikwenda jikoni kwa mpishi akaomba jivu, akachora mstari mmoja mnyoofu kutoka kidole cha mguu wa mrushaji hadi katikati ya kibao. "Rusha," akasema. Alirusha mara tano, na mara zote tano mguu wake wa kushoto, ule unaotangulia, ulitua upande wa kulia wa mstari, kiasi cha unyayo mzima. Vumbi halidanganyi, alama zilikuwepo.

Mwalimu akatueleza. Anayerusha kwa mkono wa kulia akivusha mguu wa mbele upande wa kulia, nyonga yake huziba njia ya mkono. Mkono hulazimika kuizunguka nyonga badala ya kupita kando yake moja kwa moja, nao mpira huelekea kule mguu ulikoelekea. Hiyo ndiyo sababu ya vitone vya kushoto kwangu. Kuhusu vile vya juu, alisema mkono ukiwa chini kabisa unasafiri sambamba na ardhi, na ukishapita hapo unaanza kupanda. Anayeuachilia mpira akiwa amechelewa, mkono umeshaanza kupanda, naye mpira hupanda. Anayewahi mno, mkono bado unashuka, huupeleka chini. Rafiki yangu alikuwa anachelewa, tena alikuwa akijivuta nyuma kwa mabega, jambo linaloongeza kupanda.

"Magonjwa mawili," mwalimu akasema. "Tutatibu moja kwanza. Ukimpa mtu maagizo matano kwa wakati mmoja, hatashika hata moja."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mguu peke yake. Alipiga hatua juu ya jivu bila mpira, hatua 30, kisha na mpira. Nami nilikatazwa kusema mpira umekwenda wapi. Ulipopita juu ya kichwa changu niliufuata kimya kimya. Tulitazama vumbi tu: unyayo umetua juu ya mstari au haukutua? Siku mbili za kwanza alikasirika akasema mguu umekuwa wa mtu mwingine. Siku ya tano hakuwa anautazama tena, ulikwenda wenyewe.

Wiki ya pili ilikuwa ya kuachilia. Hapa hatukutumia mpira wenyewe. Tulishona mpira wa soksi uliojazwa matambara, akasimama hatua tatu kutoka ukutani, ubavu ukiuelekea ukuta. Hakuzungusha mkono. Aliushusha tu, kigasha kikagusa nyonga, na papo hapo kifundo cha mkono kikajikunja na mpira ukatoka. Kigasha ni ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, kwa wale wanaosinzia wakati wa msamiati! Kikigusa sketi husikika "chwa". Tulimfundisha kuisikiliza sauti hiyo. Mpira ukitoka pamoja na "chwa", umetoka wakati wake. Ukitoka baadaye, umechelewa. Ilipofika saba kati ya kumi kugonga alama ya chaki ukutani, alirudi nyuma hatua mbili. Kisha nusu duara, kisha duara zima. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ya tatu alirusha kwa nguvu zake zote. Wengi walishangaa. "Mbona msimwache arushe polepole hadi azoee?" Lakini fikiri, msomaji. Mkono unaozunguka taratibu huachilia mpira kwa mpigo wake, na mkono unaozunguka kwa kasi una mpigo mwingine. Ukijifunza mpigo wa polepole, siku ya mashindano utakapoharakisha hutaukuta. Anayepunguza mwendo kwa hofu pia husukuma mpira badala ya kuurusha, kama mtu anayepitisha sahani ya wali mezani. Kurusha ukiwa karibu, ndiyo. Kurusha kwa woga, hapana.

Jambo moja zaidi mwalimu alilisisitiza, nami naliandika kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Watu hudhani kwamba kwa kuwa mkono unapitia chini, bega halichoki. Si kweli. Bega huchoka na huweza kuumia, na bega lililochoka ndilo la kwanza kuchelewa kuachilia. Tulipoona mipira inaanza kupanda tena, tuliacha, hata kama dakika hazijaisha. Najua wanaosoma habari za Olimpiki watanitajia Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili mjini Beijing mwaka wa 2008, na nchi yake ikaishinda Marekani 3 kwa 1 katika fainali. Ni kweli, na mwaka wa 2021 mjini Tokyo alishinda tena dhahabu akiwa na miaka 39. Lakini kule Beijing alikuwa mtu mzima wa miaka 26, na mwili wake ulikuwa umezoea kazi hiyo kwa miaka mingi. Sisi tuna miaka kumi na sita, na kesho yake tuna mtihani wa kemia wa kuandika kwa mkono uo huo.

Wiki tatu zilipoisha, shule ile jirani ilikuja kwetu. Usitarajie nikwambie kwamba tuliwapiga vibaya, hii si hadithi ya abunuwasi. Mrushaji wetu alitoa besi za bure nne, na tulishindwa 6 kwa 5. Lakini zamu ya mwisho ilinifanya nisahau matokeo. Besi zote zilikuwa zimejaa. Mipira mitatu ilikuwa imekwenda kombo, miwili imepita sawa. Mmoja zaidi kombo na wangepata bao la bure. Na aliyekuwa amesimama kwenye kibao ni yule yule msichana aliyegongwa mbavu.

Kelele zikaanza. "Lenga! Lenga leo!" Nilimwona rafiki yangu akiinua macho kuwatazama, nikaogopa. Kisha akainamisha kichwa. Hakutazama glavu yangu, alitazama chini mbele ya mguu wake. Kwa ncha ya kiatu akachora mstari mfupi kwenye vumbi. Akapumua. Halafu akauzungusha mkono kwa kasi yake yote, nami kutoka nyuma ya kibao nikaisikia, au nilidhani nimeisikia, ile "chwa" ya sketi. Glavu ikalia "pa!" Refa akainua mkono: straiki ya tatu. Yule msichana mgeni alimtikisia kichwa kwa heshima akaondoka. Baada ya mchezo niliwaona wawili hao wakinywa maji kwenye mfereji mmoja na kucheka.

Mwalimu hakuniambia lolote kuhusu kurusha. Alinirushia tu begi la vifaa nilibebe, kama kawaida ya mdakaji.

Wenzangu, na walimu wetu wapendwa, ninawaachia swali moja. Kila mwisho wa muhula ripoti zetu huja zimeandikwa "Tia bidii". Tunakwenda nyumbani, wazazi wanasoma, nao wanatuambia "Tia bidii". Ni maneno mema, na hutoka kwa watu wanaotupenda, kama walivyotupenda wale waliopiga kelele mstarini. Lakini je, yana tofauti gani na "Lenga"? Yule anayepata alama 30 katika hisabati kila muhula hakosi ovyo ovyo. Ukizitandaza karatasi zake za mitihani sakafuni na kutia vitone, huenda utaona anakosa mahali pamoja tu, labda kwenye ishara ya kutoa au kwenye sehemu, na hakuna aliyewahi kutazama mguu wake unatua wapi.

Kwa hiyo, ukimwona mwenzako anakosa, usimpigie kelele. Chutama nyuma ya kibao, uhesabu, utie vitone. Kisha omba jivu jikoni.

Chama cha Kiswahili, hoyee!